Mpaka Uliowavuka Wabajuni

Ukitazama ramani, Chula, Chovai na Koyama ni visiwa vya Somalia, ilhali Kiwayu na Ndau ni vya Kenya. Ukisikiliza watu, huuoni mpaka: pande zote mbili Wabajuni husema Kitikuu, lahaja ya Kiswahili, na huishi kwa uvuvi. Hoja yangu ni kwamba hawa hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowavuka.

Katika karne ya 19 Kismayu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye Waingereza waliitawala Jubaland pamoja na Kenya, hadi mwaka 1925 walipoikabidhi Italia, kama tuzo ya kuwaunga mkono katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1960 Somalia huru ikaurithi mpaka huo.

Athari zake zilidhihirika mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Wanamgambo walijipanga kwa koo, na Wabajuni, wachache na wasio na silaha, hawakuwa na ukoo wa kuwatetea. Wengi walikimbilia Mombasa kwa mashua. Wengine wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Huko usemi wao ulichunguzwa ili kubaini kama kweli walitoka Somalia, si Kenya. Hapo ndipo historia hii inaponiuma: lugha iliyoutangulia mpaka ilitakiwa ithibitishe upande mmoja wa mpaka huo.

Sisi tunaosoma historia ya Kiswahili huishia Lamu tunapoelekea kaskazini. Tusiishie hapo; tusonge hadi Kismayu.