Filamu za Daraja B na Matoleo Yake Mapya

Filamu za daraja B ni zao la Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioikumba Marekani kuanzia mwaka 1929. Watazamaji walipopungua, wenye kumbi za sinema walibuni njia ya kuwarudisha: tiketi moja, filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa filamu kubwa yenye waigizaji wanaojulikana. Ya pili ilikuwa fupi, ya gharama ndogo, ya kujazia jioni. Tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa hasa ya mahesabu. Kwa filamu kubwa, mwenye ukumbi alimlipa msambazaji asilimia ya mapato ya mlangoni. Kwa ile ya pili alilipa kiasi kilichopangwa, watu waje wasije. Mtengenezaji wa filamu ya daraja B alijua atapata kiasi gani kabla hajawasha kamera, kwa hiyo faida yake yote ilitegemea kubana matumizi.

Kampuni ndogo za Hollywood kama Monogram, Republic na PRC ziliishi kwa mahesabu hayo. Zilitoa filamu za wachunga ng'ombe, za wapelelezi na za mazimwi, nyingine zikipigwa kwa muda wa wiki moja au mbili. Nyingi hazina cha kukumbukwa, na hilo halina budi kusemwa. Lakini shida ileile iliyozidhoofisha nyingi iliwalazimisha waongozaji wachache wenye kipaji kufikiri upya jinsi filamu inavyomsimulia mtu jambo.

Mfano wa mwanzo ulio bora umo katika kampuni kubwa ya RKO. Mwaka 1942 RKO ilimkabidhi Val Lewton idara ya filamu za kutisha kwa masharti matatu: bajeti isizidi dola 150,000, urefu usizidi dakika 75, na jina la filamu litachaguliwa na wakubwa. Jina la kwanza alilopewa lilikuwa Cat People. Hadithi inamhusu mwanamke anayeamini kwamba akiguswa na mapenzi au wivu atageuka chui. Lewton na mwongozaji wake, Jacques Tourneur, hawakuwa na fedha za kumwonyesha mtu akigeuka mnyama kwa namna ya kuaminika. Wakaamua kutomwonyesha. Katika onyesho moja, mwanamke mwingine anatembea usiku peke yake kando ya ukuta wa bustani. Vinasikika viatu vyake na viatu vya anayemfuata. Kisha vile vya nyuma vinanyamaza. Anaharakisha, anageuka, hakuna mtu. Ghafla mngurumo unapasua kimya, nao ni breki za basi linalosimama mbele yake. Katika onyesho jingine yumo ndani ya bwawa la kuogelea, na kinachoonekana ni mwanga wa maji ukicheza ukutani, kivuli, na sauti ya mnyama. Chui mwenyewe haonekani hapo. Hata ngazi za nyumba kwenye filamu hiyo zilikuwa mabaki ya seti ya The Magnificent Ambersons ya Orson Welles. Filamu ilileta faida kubwa, na mbinu ya lile basi inaigwa mpaka leo.

Miaka mitatu baadaye PRC ilitoa Detour ya Edgar G. Ulmer, yenye urefu wa dakika 68. Ulmer mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliipiga kwa siku 6. Simulizi hiyo imetiwa chumvi, kwani kumbukumbu zilizobaki zinaonyesha siku zaidi ya hizo, lakini uhaba wenyewe haukuwa wa kubuni. Mpiga kinanda wa kilabu cha usiku New York anaomba lifti za magari ili amfuate mchumba wake California, na njiani kila anachokishika kinageuka balaa. Hakukuwa na fedha za kujenga mtaa wa New York, hivyo wapenzi wanatembea ndani ya ukungu mzito na nguzo za majina ya mitaa tu ndizo zinazojitokeza. Mazungumzo ya simu ya kuvuka nchi nzima yanaonyeshwa kwa picha za kuokoteza za nyaya na mitambo ya simu. Baadhi ya picha za barabarani zilichapwa kwa kugeuzwa ili safari yote ielekee upande mmoja wa kioo, na matokeo yake usukani ukahamia kulia. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa hataona kosa lolote hapo, Mmarekani hushtuka. Yote haya yangeweza kuiua filamu. Badala yake yaliipa hali ya ndoto mbaya inayosimuliwa na mtu asiyeaminika, na mwaka 1992 Detour iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa zilikuwa zimehodhi biashara kwa kumiliki kumbi na kuzilazimisha kukodi filamu kwa mafungu. Mfumo wa filamu mbili kwa tiketi moja ulianza kuyumba, na televisheni ikawabakisha watu wazima majumbani. Waliobaki sokoni walikuwa vijana wenye magari, na mahali pao palikuwa uwanja wa sinema wa kutazamia ndani ya gari. Afrika Mashariki nayo ilizijua sinema hizo. Ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966. Kampuni ya American International Pictures, iliyoasisiwa na James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff, iliwalenga vijana hao moja kwa moja. Mara nyingi walianza na jina na bango. Likipendwa na wenye kumbi, ndipo hadithi ilipoandikwa.

Mwanafunzi bora wa shule hiyo alikuwa Roger Corman, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 98. The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960, kichekesho cha mfanyakazi wa duka la maua anayelea mmea unaokula watu, ilipigwa kwa sehemu kubwa ndani ya siku mbili na usiku mmoja, kwenye seti iliyobaki kutoka kazi nyingine, kwa takriban dola 30,000. Ndani yake anaonekana Jack Nicholson kijana, kama mgonjwa wa meno anayefurahia maumivu. Corman aliwapa kazi watu ambao hakuna aliyekuwa tayari kuwaamini: Francis Ford Coppola, Martin Scorsese, Jonathan Demme, Ron Howard na James Cameron wote walipita mikononi mwake. Kwa hesabu yoyote ya haki, huo ni mchango mkubwa kwa sinema ya Marekani kuliko filamu yoyote aliyoiongoza mwenyewe.

Mbali na Hollywood, wapo waliotengeneza filamu moja tu ya kumbi za sinema. Herk Harvey alikuwa mwongozaji wa filamu za mafunzo za viwandani na mashuleni katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas. Akirudi kwa gari kutoka California alipita Saltair, jumba la starehe lililotelekezwa kando ya Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, na akataka kulipiga picha. Kwa takriban dola 33,000, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa mjini kwake, alitengeneza Carnival of Souls mwaka 1962. Mpiga kinanda wa kanisani ananusurika gari lilipotumbukia mtoni, anahamia mji mwingine, na tangu hapo uso mweupe wa mtu asiyemjua unamwandama. Kuna nyakati ambapo sauti zote za dunia zinakatika: anaingia dukani, anasema na watu, na hakuna anayemwona wala kumsikia. Hila hiyo haikugharimu chochote zaidi ya kuzima sauti. Inatisha kuliko zimwi lolote la mpira, na huyo mwenye uso mweupe ni Harvey mwenyewe.

Night of the Living Dead ilitoka Pittsburgh kwa njia hiyohiyo. George Romero na wenzake walikuwa wakipiga matangazo ya biashara. Walichangishana, wakatafuta wawekezaji, na bajeti ikafikia kama dola 114,000. Nyumba ya shambani iliyotumika ilikuwa imepangiwa kubomolewa, hivyo waliruhusiwa kuiharibu watakavyo. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo kwenye picha nyeusi na nyeupe haina tofauti na damu. Wafu waliofufuka wanazingira nyumba, na watu saba walio ndani wanagombana. Kwa kuwa hakukuwa na fedha za kuonyesha nchi nzima ikianguka, habari zinakuja kwa redio na televisheni, na mmoja wa watangazaji ni Bill Cardille, aliyekuwa mtangazaji halisi wa Pittsburgh. Watu wa mji huo walimtazama mtu wanayemwamini kila siku akiwaambia kwamba wafu wanatembea.

Mhusika mkuu, Ben, aliigizwa na Duane Jones, Mmarekani Mweusi. Romero alieleza kwamba alimchagua kwa sababu alikuwa bora kwenye majaribio. Watazamaji wa vibanda vya video vya Afrika Mashariki wana kanuni yao kwamba steringi hafi. Hapa steringi ndiye peke yake anayeuvuka usiku, na asubuhi kundi la waokoaji weupe wenye bunduki linamdhania mfu na kumpiga risasi. Filamu inamalizia kwa picha za mnato zenye chengachenga, mfano wa picha za magazeti, zikionyesha mwili wake ukiburutwa kwa ndoano. Romero alisimulia kwamba wakiwa safarini kuipeleka New York kutafuta msambazaji, redio ya gari ilitangaza kuuawa kwa Martin Luther King. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1968, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa mwisho ule. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tamko la hakimiliki liliachwa nje ya nakala mpya, na kwa sheria ya wakati huo filamu ikawa mali ya umma. Waliotoa jasho walipoteza mapato mengi, lakini kila kituo cha televisheni na kila ukumbi mdogo viliweza kuionyesha bure, na hivyo ndivyo ilivyoenea.

Mashabiki lialia wa filamu hizi walizaliwa katika kumbi za usiku wa manane. Ukumbi wa Elgin wa New York ulianza kuonyesha El Topo saa sita za usiku mwishoni mwa mwaka 1970, na kuanzia mwaka 1976 The Rocky Horror Picture Show ilipata ukumbini Waverly watazamaji waliorudi kila wiki, wakavaa kama wahusika na kuijibu skrini kwa sauti. Hata kazi zilizoshindwa zilipata wapenzi. Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, ambamo marehemu Bela Lugosi alimaliziwa nafasi yake na mtu mwingine aliyejifunika uso kwa joho, ilitajwa mwaka 1980 kuwa filamu mbaya kuliko zote. Hukumu hiyo si ya haki. Filamu mbaya kweli ni ile iliyotengenezwa na mtu asiyejali, na Wood alijali kila picha, hata pale uwezo ulipomwishia.

Kampuni kubwa zilipoona mapenzi hayo, zilianza kutengeneza upya filamu hizo, na hapo ndipo manung'uniko ya mashabiki yana msingi. Cat People ya Paul Schrader ya mwaka 1982 ilirudia hata onyesho la bwawa, lakini ikamwonyesha mwanamke akigeuka chui, nyama na ngozi. Ni filamu yenye rangi za kupendeza, na hofu haimo. Detour ilirudiwa mwaka 1992, mtoto wa mwigizaji wa kwanza, Tom Neal Jr., akiwa katika nafasi ya baba yake, na haikuacha alama. Carnival of Souls ya mwaka 1998 iliweka muuaji aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi, ili kila ndoto ya msichana iwe na sababu. Night of the Living Dead ya Tom Savini, ya mwaka 1990, imetengenezwa kwa ustadi na Tony Todd anaigiza vizuri, lakini ilisukumwa kwa sehemu na haja ya kurudisha mapato yaliyopotea, na ile asubuhi ya 1968 haikuweza kurudi. Jaribio la wazi kabisa ni Psycho ya Gus Van Sant ya mwaka 1998, iliyonakili filamu ya Alfred Hitchcock karibu picha kwa picha. Hitchcock alikuwa ameipiga kwa wafanyakazi wa kipindi chake cha televisheni na kwa takriban dola 800,000 ili gharama ziwe chini. Van Sant alikuwa na rangi, fedha na ramani kamili mkononi, na filamu yake ikatoka bila uhai.

Kasoro yao ni moja: fedha zilitumika kuziba mapengo ambayo mtazamaji ndiye aliyekuwa akiyajaza. Zilizofaulu ziliuliza swali jipya. The Thing ya John Carpenter, ya mwaka 1982, iliacha zimwi moja la filamu ya 1951 na kushika hofu ya kutojua nani kati ya wenzako bado ni mtu. The Fly ya David Cronenberg, ya mwaka 1986, iligeuza kioja cha mwaka 1958 kuwa msiba wa mpenzi anayeoza kwa maradhi. The Little Shop of Horrors ilifanywa tamthilia ya nyimbo mwaka 1982, kisha ikarudi kwenye filamu mwaka 1986. Mwisho wake wa huzuni ulipigwa upya baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa.

Afrika Mashariki ina tawi lake hai. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, bunduki zikichongwa mtaani na milipuko ikiongezwa kwa kompyuta. Ilibidi Nabwana afute mafaili yake ili apate nafasi ya kazi iliyofuata, hivyo nakala iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayesimulia, kutania na kushangilia juu ya picha. Usimulizi huo ni wa ukoo mmoja na kazi ya Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, waliozifanya filamu za ng'ambo zizungumze na watu wa hapa.

Detour, The Little Shop of Horrors ya 1960, Carnival of Souls na Night of the Living Dead zote ni mali ya umma nchini Marekani na zinapatikana bure kwenye intaneti. Anayetaka kuzilinganisha na matoleo yake mapya aanze na hizo za kwanza.