Taa Nyekundu ya Behewa la Mwisho

Treni ya mizigo ikipita, wengi wetu tunaangalia injini. Mimi siku hizi nauliza habari za mkia: treni inaishia wapi, na nani anathibitisha kwamba imeishia hapo?

Waingereza walijibu kwa taa. Kwenye reli zao, behewa la mwisho lilibeba taa nyekundu. Mtu wa ishara aliitazama treni ikimpita, na ilibidi aione taa hiyo ndipo atangaze kwamba kipande kile cha njia kiko wazi kwa treni nyingine. Asipoiona? Basi huenda kiungo kimekatika, na mabehewa yamebaki nyuma yakingoja kugongwa. Kumbe taa haikusema tu "nipo hapa". Ilisema: tumefika wote.

Marekani, mkia wa treni ya mizigo ulikuwa na watu. Walikaa kwenye kibehewa chao cha nyuma, wakichungulia kama kuna gurudumu linalotoa moshi, na waliweza kufunga breki wenyewe. Miaka ya 1980 kampuni za reli zikaanza kuwaondoa kwa wingi. Mahali pao kikawekwa kisanduku chenye taa, kinachopima hewa ya breki na kumpelekea dereva habari kwa redio. Kanuni za serikali kuu zinataja hata muda wa taa kuwaka: kuanzia saa moja kabla ya jua kuzama mpaka saa moja baada ya kuchomoza.

Lakini hebu fikiria. Yule mtu wa nyuma aliona na akatenda. Visanduku vya mwanzo viliweza kusema tu, kutenda havikuweza.

Tarehe 1 Februari 1996, treni ya mizigo iliteremka mlima wa Cajon, California, ikakosa breki. Hewa ilikuwa imeziba njiani, na dereva hakuweza kuzifunga breki za nyuma akiwa mbele. Wafanyakazi 2 walikufa. Mwaka 1997 ikatoka kanuni: treni nyingi za mizigo, hasa za milimani, ziwe na kifaa kinachopokea amri ya dereva na kufunga breki kutokea mkiani.

Ndiyo maana kanuni hizi kavu nazisoma polepole. Ukimwondoa mtu, hesabu kwanza kazi zote alizokuwa akizifanya, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuziandika.