Nyota zilipouzidi ulimwengu umri

Msomaji wangu, jina Kilimia limetokana na kitenzi ‘lima’, kwani wahenga walikitazama kishada hicho cha nyota wakajua majira ya kulima. Kilimia hata hivyo ni kitoto, kina takriban miaka milioni 100 tu. Leo ninadhamiria kuangazia vikongwe: vishada vya mviringo, vyenye malaki ya nyota kila kimoja, vinavyoizunguka galaksi yetu.

Umri wavyo hujulikanaje? Nyota za kishada kimoja ni rika moja. Zilizo kubwa hula haidrojeni yao kwa pupa zikaishiwa mapema. Ndogo hubana matumizi. Basi mtaalamu hutafuta nyota angavu zaidi ambayo bado haijaishiwa. Hiyo ndiyo saa yake. Mapema katika miaka ya 1950, Allan Sandage na wenzake waliisoma saa hiyo katika kishada cha M3.

Ila kuna tatizo. Uangavu halisi haujulikani bila umbali. Usiku barabarani, taa hafifu ni ya pikipiki iliyo karibu au ya lori lililo mbali? Ndiyo maana mimi hukerwa na vichwa vya habari vinavyodai wataalamu ‘wamegundua’ umri wa nyota. Wamekadiria, jamani!

Makadirio hayo nusura yaaibishe elimu nzima ya nyota. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vishada vikongwe vilipewa miaka bilioni 14 hadi 18. Kisha mwaka 1994 kundi la Wendy Freedman, likitumia darubini ya Hubble, likatoa matokeo yaliyoupa ulimwengu kati ya bilioni 8 na 12. Sasa hapo mtoto kamzidi mamaye umri!

Nani alikosea? Wote, kwa kiasi fulani. Mwaka 1997 vipimo vya setilaiti ya Hipparcos ya Ulaya viliashiria kuwa vishada viko mbali zaidi ya ilivyodhaniwa. Kumbe taa zilikuwa za lori: nyota zenye mwanga mkali zaidi, zinazokula haraka, hivyo changa zaidi. Mwaka uliofuata ikabainika kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na hesabu ya umri wake ikapanda. Kufikia 2003, setilaiti ya WMAP iliupa miaka bilioni 13.7, navyo vishada vikongwe vikakadiriwa kuwa na bilioni 12 na ushei.