Gofu ya kulipwa: kinachotofautisha wanaofanikiwa na wanaohangaika

Gofu ya kulipwa ni mchezo wa gofu unaochezwa kwa ajili ya zawadi ya fedha. Mchezaji anayeishi kwa gofu na yule anayekosa nauli ya kwenda shindano lijalo mara nyingi wamepishana kwa mkwaju mmoja tu kwa siku. Katika Afrika Mashariki, mkwaju huo hutegemea ufundi, uzoefu wa mashindano makubwa na, zaidi ya yote, nafasi ya kuupata uzoefu wenyewe.

Uzito wa mkwaju mmoja

Shindano la kawaida huchukua siku nne, mashimo 18 kila siku. Baada ya mashimo 36 hufanyika mchujo. Katika ligi kuu za Ulaya na Marekani kwa kawaida hubaki 65 bora pamoja na waliolingana nao. Anayechujwa kwa kawaida haambulii kitu, ingawa amekwisha kulipia safari, malazi na kedi wa kumbebea mkoba. Mwenye wastani wa mikwaju 71 kwa siku humaliza na 284. Mwenye wastani wa 72 humaliza na 288, akiwa ameachwa nyuma na wengi.

Mkwaju huo hupotelea wapi

Wengi hudhani gofu huamuliwa karibu na shimo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua takwimu za ligi ya PGA ya Marekani akaonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju ya mbali. Tangu 2011 ligi hiyo hutumia kipimo kilichotokana na kazi yake. Hata bingwa, akiwa mita 2.4 kutoka shimoni, hutumbukiza mpira takribani mara moja katika kila majaribio mawili. Kwa hiyo anayeshinda ni yule ambaye mkwaju wake wa kutoka mita 150 umeuacha mpira jirani na shimo.

Ugumu wa mkwaju huo wa mbali huonekana wazi katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi. Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali kuliko pwani. Mchezaji aliyezoea Dar es Salaam akitumia fimbo yake ya kawaida huupitiliza uwanda wa shimo. Kando ya njia, majani mazito ya kikuyu huing'ang'ania fimbo na kuupindisha uso wake kabla haujaugusa mpira. Mzoefu hubadili hesabu mapema, na akinasa hapo huridhika kuurudisha mpira njiani.

Shule ya mashindano

Uzoefu huo hupatikana katika mashindano makubwa kama Kenya Open, iliyoanza 1967 na ambayo tangu 2019 imo katika ligi kuu ya Ulaya. Seve Ballesteros aliishinda 1978, Ian Woosnam 1986 na Trevor Immelman 2000. Wote watatu baadaye walitwaa taji la Masters nchini Marekani. Wakenya bado hawajaishinda. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, aliyeshindwa na Ricardo González katika mashimo ya ziada mwaka 1998. Okello alithibitisha kwamba uwezo upo. Kinachopungua ni wiki nyingi za kushindana na walio bora, na ndiyo maana mfululizo wa mashindano wa Safari Tour nchini Kenya, uliowapatia waliofanya vizuri nafasi katika Kenya Open, ulikuwa na thamani kubwa.

Tabora na njia ya misafara

Kabla ya mashindano, lazima kwanza mtu awe karibu na uwanja. Nchini Tanzania viwanja vikuu vya mashindano viko Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro. Kwenye njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni Morogoro pekee iliyo katika orodha hiyo. Kwa Reli ya Kati, Tabora iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Morogoro. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza wakiwa makedi: walibeba mikoba, wakatazama, kisha wakapiga. Mtoto anayekulia mbali na viwanja hivyo, kwa mfano Tabora, hukosa hatua hiyo ya kwanza, hata awe na mkono mzuri kiasi gani. Kabla ya kuuliza kwa nini mchezaji fulani hafaulu, ni haki kuuliza kwanza ni wangapi hawakuwahi kuishika fimbo.