Benchi la Kusini: Maamuzi ya Makocha kutoka Mtwara hadi Ruangwa

Tarehe 20 Septemba 2014, Ndanda FC ya Mtwara ilicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, tena ugenini. Ratiba iliipeleka Shinyanga, Uwanja wa Kambarage, kukutana na Stand United iliyopanda daraja pamoja nayo. Kutoka Mtwara hadi Shinyanga kwa barabara ni takriban kilomita 1,500. Timu ngeni iliyosafiri umbali huo kwa kawaida hupaki basi, hupoteza muda kila mpira unapotoka, na hurudi ikishukuru kwa pointi moja. Ndanda ilishinda 4-1.

Kocha alikuwa Denis Kitambi, kijana bado kwa umri wa makocha wa Ligi Kuu. Timu iliyotumwa kujilinda haifungi mabao manne katika mji ambao wachezaji wake wengi hawajawahi kuukanyaga. Uamuzi wa kushambulia ulikwishafanywa kabla filimbi haijapulizwa, na ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Siku ya kwanza ya msimu kocha hana rekodi ya kujitetea nayo, na akifungwa vibaya lawama zinamsubiri kituo cha mabasi.

Historia ya soka la Kusini kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya wafungaji. Maamuzi ya benchi hayaandikwi, na yakikumbukwa hukumbukwa kwa ajili ya kumfukuza mtu. Ni hasara kubwa, kwa sababu ukanda huu umekuwa shule ngumu ya ukocha kuliko sehemu nyingi za nchi. Aliyefanya kazi hapa alilazimika kuamua mambo ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hajawahi kuyafikiria.

Jambo la kwanza lilikuwa safari. Mji wa Mtwara wenyewe ulizaliwa kwa mpango wa kusafirisha mizigo. Mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza 1947, ulihitaji bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindikana, na mradi ukavunjwa 1951. Bandari ilifunguliwa 1954, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mji ukabaki na gati zuri lisilo na njia ya kuliunganisha na nchi. Wafanyakazi wa gati hilo wakaupa mji timu yake, Bandari Mtwara, iliyowahi kucheza ligi ya juu nchini. Kwa miongo mingi watu wa Mtwara walifika Dar es Salaam kwa meli, au kwa barabara ya vumbi iliyokatika kila masika, wakipanga foleni ya kivuko pale Ndundu kwenye Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Vipande vya mwisho vya lami viliendelea kujengwa kwa zaidi ya miaka kumi baadaye.

Hata lami ilipokamilika, zilibaki kilomita zaidi ya 550. Basi la timu huondoka Mtwara, likapita Mikindani na kona ya Mnazi Mmoja pale Lindi, likateremka hadi Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, halafu msongamano wa Mbagala. Wachezaji warefu hukaa wamekunja magoti. Kocha ndiye anayesema wasimame wapi wale na wanyooshe miguu, nani akae mbele kwa sababu ana jeraha la paja, na kama walale Dar es Salaam au waunganishe usiku huohuo kwenda Morogoro au Mbeya. Hayo hayaonekani kwenye televisheni, lakini beki aliyelala saa nne ndani ya basi hufika kwenye mpira nusu hatua baada ya mshambuliaji.

Jambo la pili lilikuwa uwanja wa nyumbani. Nangwanda Sijaona umepewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa Kusini aliyekuwa waziri katika miaka ya mwanzo ya uhuru na kiongozi wa vijana wa TANU. Ndanda ilipopanda, mji ulikuwa umetoka kwenye mwaka mchungu: Januari na Mei 2013 Mtwara ilitikiswa na ghasia kuhusu bomba la gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam. Timu ya Ligi Kuu iliwapa watu sababu nyingine ya kukusanyika. Wana Kuchele, kama mashabiki wanavyoiita, walijaa. Wengine walitoka vijiji vya Msimbati na Kilambo, karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako vijana hupiga mpira mchangani maji yakishakupwa na kuacha ufuo mpana mgumu.

Msimu ule wa kwanza haukubaki mtamu kama ulivyoanza. Ndanda iliteleza, na benchi likakabidhiwa Meja mstaafu Abdul Mingange. Mwanajeshi huyo aliipokea timu iliyokuwa ikipigania kubaki, na hesabu zikafika hadi siku ya mwisho, Mei 2015. Mgeni wa Nangwanda siku hiyo alikuwa Yanga, bingwa aliyekwishatwaa ubingwa wake. Ndanda ilishinda 1-0. Walioshuka walikuwa Ruvu Shooting na Polisi Morogoro.

Wapo wanaosema Yanga ilikuja kumaliza ratiba tu, na kweli ilikuwa imepoteza pia mechi iliyotangulia. Lakini timu zinazoogopa kushuka hufungwa hata na mabingwa waliochoka, kwa sababu hofu huwafanya mabeki wapige mpira popote na washambuliaji wasubiri muujiza. Kazi ya kocha katika dakika 90 za namna hiyo ni kuwafanya wachezaji wacheze mechi yenyewe, wasisikilize matokeo ya viwanja vingine. Mingange alilifanikisha hilo dhidi ya jina zito kuliko yote nchini, na Mtwara ikabaki Ligi Kuu miaka mingine mitano.

Katika miaka hiyo Nangwanda ikawa mahali pagumu kwa wakubwa. Mfano mzuri ni Septemba 2018. Simba ya Patrick Aussems ilikuja na Emmanuel Okwi, Meddie Kagere, John Bocco na Clatous Chama, kikosi ambacho msimu huohuo kilitwaa ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ndanda ilikuwa chini ya Malale Hamsini, kocha aliyetokea Zanzibar. Mechi ikaisha suluhu.

Hapa uamuzi ulikuwa kinyume cha ule wa Kitambi, nao ulikuwa sahihi vilevile. Hamsini hakuwa na mtu wa kushindana na Chama kwa pasi au na Kagere kwa nguvu, ila alikuwa na wachezaji waliozoea joto la pwani. Kocha anayekubali kwa moyo mweupe kwamba mpinzani ana vipaji zaidi, kisha akaijenga mechi nzima juu ya ukweli huo, hajaonyesha woga. Mwoga ni yule anayejilinda bila mpango. Msimu uleule Kusini nzima ilikuwa kwenye misukosuko ya korosho: Novemba 2018 serikali iliamua kununua zao lote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kulisomba. Katika mkoa ambao fedha huingia na kutoka na korosho, kumbukumbu ya pointi moja dhidi ya Simba ilikuwa furaha ya bure kwa watu waliokuwa wanasubiri malipo.

Ndanda ilishuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Lakini msimu huohuo, ndani ya mkoa jirani wa Lindi, kulikuwa na timu nyingine ya Kusini iliyopanda kwa mara ya kwanza: Namungo FC ya Ruangwa, Wauaji wa Kusini, ikichezea Uwanja wa Majaliwa.

Kocha wa Namungo alikuwa Hitimana Thierry, aliyewahi kufundisha nchini Rwanda na kisha Biashara United ya Mara. Ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, na katikati yake ikaja Korona iliyosimamisha mashindano kuanzia Machi hadi Juni 2020. Kwa timu iliyopanda, msimu wa namna hiyo ni mtego. Hitimana alichagua kutumia washambuliaji wawili wa kweli, Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise, wakati ambapo makocha wengi wa timu ndogo humwacha mmoja mbele peke yake akihangaika. Mabeki wa kati wa timu pinzani, waliozoea kumkaba mtu mmoja kwa zamu, wakajikuta kila mmoja ana wake. Namungo ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Hata siku Simba ilipokabidhiwa kombe la ubingwa, Julai 2020, ilikabidhiwa Ruangwa baada ya kushindwa kuifunga Namungo: 0-0.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Agosti, timu hizo zilikutana tena Sumbawanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Simba ilishinda 2-1, bao la Namungo likifungwa na Edward Manyama. Kwa kuwa Simba ilibeba makombe yote mawili, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda Ruangwa, wilaya ambayo muda mfupi nyuma haikuwa na timu ya Ligi Kuu.

Hitimana hakuimaliza safari hiyo. Mwishoni mwa 2020 benchi lilipewa Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kama Morocco. Huyu ni Mzanzibari, na sifa yake ilikuwa imejengwa Desemba 2017, alipoifikisha Zanzibar Heroes fainali ya CECAFA nchini Kenya. Zanzibar iliifunga Tanzania Bara 2-1, ikaitoa Uganda kwenye nusu fainali, na ikafungwa na Kenya kwa penalti baada ya sare ya 2-2.

Namungo iliitoa Hilal Obeid ya Sudan kwa kushinda 2-0 Dar es Salaam na kutoka sare ya 3-3 ugenini. Raundi ya mwisho kabla ya makundi iliwapeleka Luanda, kwa Primeiro de Agosto, klabu yenye historia ndefu ya mashindano ya Afrika. Mechi haikuchezwa. Vipimo vya Korona vilionyesha baadhi ya watu wa msafara wana maambukizi, mamlaka za Angola zikawazuia, na CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ilirudi ikiwa imewaacha wenzao karantini.

Tarehe 21 Februari 2021, Chamazi, kwenye karatasi wenyeji walikuwa Waangola. Kocha mwenye kikosi pungufu, timu iliyotoka kwenye msukosuko wa aina ile, na mechi ya marudiano siku nne mbele, angesamehewa kama angetafuta sare. Morocco aliwatuma wachezaji wake mbele. Namungo ilifunga mabao sita na kufungwa mawili.

Umuhimu wa uamuzi huo ulionekana tarehe 25. Primeiro de Agosto walikuja na hasira na kushinda 3-1. Jumla ikawa 7-5 kwa Namungo. Angeridhika na ushindi wa bao moja mechi ya kwanza, angetoka. Katika mashindano ya mtoano, mabao ya ziada yanayoonekana anasa siku ya furaha ndiyo yanayolipa deni siku ya shida, na Morocco alilielewa hilo mapema. Kwenye makundi Namungo iliburuza mkia nyuma ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na Raja ndiyo iliyotwaa kombe. Hiyo haipunguzi kitu.

Ujasiri huo una ukoo mrefu katika soka la Tanzania. Agosti 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola ikiwa na ushindi wa 1-0 wa nyumbani, chini ya Joel Bendera. Zambia walitangulia, lakini Stars hawakukubali kufa wamejikunyata golini, na Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho. Tanzania ikaenda Lagos 1980, fainali zake za kwanza za Afrika.

Januari 2024, kwenye fainali za AFCON huko Ivory Coast, kocha wa Stars Adel Amrouche alisimamishwa baada ya timu kufungwa 3-0 na nchi ya Morocco. Benchi likaachiwa Hemed Morocco na Juma Mgunda katikati ya mashindano. Stars ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo. Baadaye mwaka huo, Hemed akiwa kiongozi wa benchi, Stars iliifunga Guinea 2-1 huko Yamoussoukro. Novemba aliegemea uzoefu wa Simon Msuva, aliyekwishatimiza miaka 31, na Msuva akafunga kwenye ushindi wa 2-0 dhidi ya Ethiopia mjini Kinshasa, kisha bao pekee dhidi ya Guinea tarehe 19 Novemba katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tanzania ikafuzu AFCON 2025. Uwanja huo una jina la mtoto wa Lupaso, Masasi, rais aliyewajengea watu wa Kusini daraja la Rufiji.

Na Mgunda, mwenzake wa benchi la Ivory Coast? Oktoba 2022, akiwa kocha wa muda wa Simba, alikwenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto walewale. Simba ilishinda 3-1, ikawamaliza nyumbani 1-0 na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Miaka miwili baadaye alichukua kazi mpya ya kocha mkuu, Namungo ya Ruangwa.