Ubishi wa Magari Ulivyozaliwa Kwenye Tope la Safari

Mbio nyingi za magari huwagawa washindani kwa ukubwa wa injini. Mbio za Safari, zilizoanza tarehe 27 Mei 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ziliwagawa kwa bei ya gari dukani. Gari la bei rahisi lilipambanishwa na la bei rahisi, la wenye nazo na la wenye nazo. Yote yalitakiwa yawe kama yalivyotoka kwa wakala, bila kuchezewa. Njia ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwishowe hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Kila kundi la bei lilipata wake.

Mwenye wazo alikuwa Eric Cecil wa Nairobi. Inasimuliwa kwamba binamu yake, Neil Vincent, alikataa mbio za uwanjani kwa kuwa hakuna kinachochosha kama kuzunguka palepale. Yeye alitaka mashindano ya kupanda gari, kubamiza mlango, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika awe bingwa. Cecil akaichukua kauli hiyo kama ilivyo, akatafuta ramani.

Kanuni ya bei haikudumu. Mshindi wa jumla akaja kutambuliwa, lakini ile nia ya kwanza haikufutika. Aliyesubiri matokeo hakuwa mpenda mbio peke yake. Alikuwepo mkulima wa Nakuru, mwenye duka wa Moshi, daktari wa Jinja, kila mmoja na fedha ya gari moja tu na barabara ya vumbi ya kumfikisha kwake. Hao hawakujali sana nani ana kasi. Walitaka kujua lipi litarudi. Ukikaa leo kwenye kijiwe cha kahawa Dar es Salaam, au kwenye stendi ya matatu Nakuru, ubishi wa Toyota na Nissan, Subaru na Mitsubishi, bado unakwenda kwa mkondo huohuo: lako limelala wapi, na nani alilivuta.

Wa kwanza kutamba walikuwa watu wa Volkswagen. Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962, na sababu zake fundi yeyote anazielewa. Injini imekaa nyuma, uzito wake unakandamiza magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo gari linashika tope pale mengine yanapozungusha tairi bure. Injini hiyo hupozwa kwa hewa, basi hakuna rejeta ya kuzibwa na udongo wala kutobolewa na jiwe. Mashindano yalifanyika msimu wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zinaanza, na udongo mweusi wa nyanda za Kenya ukilowa hushika tairi kama ugali wa moto. Katikati ya ushindi wa Beetle, Mercedes ilichukua miaka mitatu mfululizo, 1959 hadi 1961, miwili ya kwanza kwa mikono ya Bill Fritschy. Wenye Mercedes hawakubishana na mtu. Hawajawahi.

Kisha ikaja Peugeot 404, na hapa ndipo ushabiki ulipoacha kuwa wa wazungu wenye magari ukawa wa watu wote. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi tena saba, na Nowicki akawa wa kwanza tena, na gari lilikuwa 404 tena. Katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, nao katika 404. Gari lile halikuwa na mbio za kutisha. Lilikuwa na springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na lilisimama juu kiasi cha kutosha kuvuka korongo bila kuacha tumbo. Aliyeyaona hayo Pasaka aliyakuta tena wiki iliyofuata stendi, kwa sababu Peugeot za mistari mitatu ya viti, 404 na baadaye 504, ndizo zilizogeuka teksi za safari ndefu. Abiria wa mstari wa nyuma kabisa alikunja magoti mpaka kidevuni, mizigo ikimfunika kichwa, vumbi likiingia kwa mlango wa nyuma usiofunga vizuri, na bado akishuka Kisumu alisema Peugeot ndiyo gari. Shabiki wa namna hiyo hanunuliwi na tangazo.

Anayetaka kuwanyamazisha watu wa Peugeot humtaja Joginder Singh. Mzaliwa wa Kericho, fundi tangu ujana, mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Magari ya viwanda yalikuwepo na mafundi wao kutoka Ulaya. Volvo kuukuu la Joginder likayapita. Baadaye akashinda mara mbili zaidi, 1974 na 1976, zote katika Mitsubishi Lancer, na mwaka 1976 Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Lakini tazama ubishi unavyopinda hapa: wa Volvo wanamdai, wa Mitsubishi wanamdai, na mtu wa tatu anauliza kama aliyeshinda ni gari au ni Joginder. Swali hilo halijawahi kupata jibu kwenye kijiwe chochote ninachokijua, na nadhani hakuna anayetaka lipate.

Wajapani waliielewa Safari mapema kuliko Wazungu wengi. Nissan ilileta Bluebird na Cedric mwaka 1963, mwaka uleule wa magari saba, ikaambulia patupu. Haikuondoka. Mwaka 1969 ilitoka filamu Japan kuhusu timu ya Datsun, nembo ya Nissan, katika Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji waliopendwa kuliko wote kule. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann akashinda kweli katika Datsun 1600 SSS, na 1971 akarudia katika 240Z. Mtu wa Tokyo ambaye hajawahi kuona tembo alinunua gari kwa sababu ya matope ya Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu hakuna barabara zetu nyingine zilizowahi kutumika vizuri hivyo kuuza bidhaa ya mwingine.

Mwaka 1973 Datsun mbili zilimaliza zikiwa na adhabu sawasawa, moja ya Shekhar Mehta, nyingine ya Harry Källström wa Sweden. Kanuni ikasema ashinde aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na huyo akawa Mehta. Alikuwa mzaliwa wa Uganda, ameingia Kenya mwaka mmoja kabla, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote katika Datsun, na jumla ya ushindi wake wa mara tano haijafikiwa na dereva yeyote wa zama za ubingwa wa dunia katika Safari. Kwa miaka ile kumpinga mtu wa Datsun ilikuwa kazi ngumu.

Upande wa pili wa daftari wako watu wa Porsche, na mimi huwaonea huruma ya kweli. Gari lao lilikuja na kila kitu isipokuwa bahati: la pili mwaka 1972 na Sobiesław Zasada, la pili 1974 na Björn Waldegård, la pili 1978 na Vic Preston mdogo, likitanguliwa na Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Kushindwa na gari ambalo jamaa yake anabeba magunia ya viazi Nyandarua! Waldegård mwenyewe alipata ushindi wake wa kwanza wa Safari mwaka 1977, ndani ya Ford Escort. Ilibidi Porsche ingoje mpaka Safari ya magari ya zamani, mwaka 2011, ndipo Waldegård, mzee wa mvi, akaipa 911 ushindi. Watani wanasema haihesabiki.

Kabla ya hapo, mwaka 1972, Mfini Hannu Mikkola alikuwa amevunja mwiko mkubwa zaidi: dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, katika Ford Escort. Tangu hapo timu za viwanda zikaja na ndege, helikopta na magari ya mafundi yanayokimbizana nazo porini, na mwenyeji mwenye gari lake moja akaanza kusukumwa pembeni.

Toyota iliingia kwa mlango ambao wengi hawakuutarajia. Ove Andersson, Msweden aliyeshinda Safari ya 1975 katika Peugeot 504, ndiye aliyekuwa mkuu wa timu ya Toyota huko Ulaya. Mwaka 1984 dunia nzima ilikuwa imekwisha kukubali kwamba bila gari la kusukuma magurudumu yote manne, kama Audi Quattro, hakuna ushindi. Celica ya Waldegård ilisukuma magurudumu mawili ya nyuma tu, ikashinda. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen katika gari la aina hiyohiyo, na 1986 Waldegård tena. Audi ilipokuja kupata ushindi wake, mwaka 1987, haikuupata kwa ile Quattro ya kuruka iliyotisha Ulaya, bali kwa 200, gari refu zito la kumpeleka mkurugenzi ofisini. Baada ya Lancia kuchukua miaka miwili na Miki Biasion, Toyota ikajifungia Safari tangu 1990 hadi 1995, ukiacha 1991 uliokwenda tena kwa Lancia. Mwaka 1993 nafasi nne za kwanza zote zilikuwa zake, na 1994 mshindi alikuwa Ian Duncan wa Kenya.

Mwaka huohuo wa 1993 kulitokea jambo dogo ambalo kwa ubishi wa leo lina uzito kuliko Celica zote nne. Subaru ilileta Vivio, kigari cha sentimita 660 za ujazo, ambacho mtu angekidhani cha kwendea sokoni. Kimoja alipewa kijana wa Scotland aitwaye Colin McRae, akakikimbiza na vigogo mpaka kikakatika. Kingine aliendesha Patrick Njiru wa Kenya, akakifikisha mwisho, nafasi ya 12. Mwaka 1994 Njiru akawa wa nne katika Impreza. McRae alirudi 1997 akaipa Subaru ushindi wake wa kwanza wa Safari, na Richard Burns akaongeza wa pili mwaka 2000. Miaka ya karibu na hiyo Mitsubishi ya Tommi Mäkinen na ya Burns huyohuyo nazo zilikuwa zikishinda, na vijana wa Nairobi wakagawanyika pande mbili ambazo hazijapatana hadi leo. Wa Subaru wana mlio: silinda zimelala kushoto na kulia, na ekzosi inatoa ngurumo ya kukatikakatika ambayo mtoto wa shule anaitambua kabla gari halijakata kona. Wa Mitsubishi wanauliza kama mlio unajaza tangi.

Ukihesabu ushindi wa jumla tangu 1954 hadi 2002, Ford inao saba, sawa na Datsun. Peugeot sita. Subaru mbili. Halafu zunguka barabarani utafute shabiki wa Ford.

Sababu haikuwa kwenye mashindano. Biashara ya magari ilipofunguliwa miaka ya 1990, meli zikaanza kushusha Mombasa na Dar es Salaam magari yaliyokwisha kutumika Japan, nchi inayoendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo usukani ulikuwa tayari upande wake. Peugeot mpya haikuweza kushindana na Corolla ya miaka saba yenye redio na kiyoyozi. Ukienda Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam utaona jinsi vita ilivyoisha: taa za Toyota zimening'inia toka darini hadi sakafuni, shokapu zimepangwa kwa mafungu, na muuzaji anakutajia bei kabla hujamaliza kutaja mwaka wa gari. Ulizia kipuri cha Peugeot 504, anamtuma kijana kwa mzee fulani nyuma ya soko. Mafundi wana kauli moja wanapochoka na ubishi wa wateja: spea zipo? (Habari za Land Rover na Land Cruiser siziingilii, zile zinataka makala yake na mwamuzi mwenye kofia ngumu.)

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, McRae akiwa mshindi wa mwisho katika Ford Focus. Ilirudi Juni 2021, Naivasha. Jumapili asubuhi Thierry Neuville wa Hyundai aliamka akiongoza kwa karibu dakika moja, shokapu ya nyuma ikamvunjikia, na Sébastien Ogier akaipa Toyota ushindi. Miaka miwili iliyofuata Toyota zilishika nafasi zote nne za juu, na hadi 2025, aliposhinda Elfyn Evans, hakuna kampuni nyingine iliyoonja. Yaris ile ya mashindano na Vitz ya mwalimu wa Morogoro zinafanana nembo tu, lakini mwalimu anatamba nayo kama aliitengeneza yeye.

Na wiki ya Safari barabara ya Nairobi kwenda Naivasha hujaa Subaru. Zinapanda zikinguruma, bendera dirishani, wenyewe wakienda kuitazama Toyota ikishinda. Ukiwatania, jibu wanalo mkononi: Subaru ilijitoa mashindano ya dunia mwaka 2008, na asiyeingia uwanjani hafungwi.