Historia ya ubingwa wa Boston Celtics

Boston Celtics ni timu ya mpira wa kikapu ya kulipwa kutoka mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Inacheza katika ligi ya NBA na imetwaa ubingwa wa ligi hiyo mara 18, zaidi ya timu nyingine yoyote. Inafuatwa na Los Angeles Lakers yenye mataji 17. Mataji 11 ya Celtics yalipatikana katika misimu 13 tu, kuanzia mwaka 1957 hadi 1969, na 8 kati ya hayo yalifuatana bila kukatika (1959–1966). Hakuna timu nyingine ya NBA iliyowahi kuwa bingwa zaidi ya mara 3 mfululizo.

Jinsi bingwa anavyopatikana

Msimu wa NBA una sehemu mbili. Kwanza timu zote hucheza mechi za ligi. Kisha zile zilizofanya vizuri huingia katika mtoano, ambamo timu mbili hukutana mara kadhaa hadi moja itolewe. Katika fainali, timu inayotangulia kushinda mechi 4 ndiyo bingwa, kwa hiyo mechi haziwezi kuzidi 7. Matokeo ya 4–3 yana maana kwamba bingwa alijulikana katika mechi ya mwisho kabisa.

Mwanzo

Celtics ilianzishwa mwaka 1946 na Walter Brown, ikiwa mojawapo ya timu 11 za kwanza za ligi ya BAA. Mwaka 1949 ligi hiyo iliungana na nyingine na kuitwa NBA. Miaka ya kwanza timu ilikuwa dhaifu. Mwaka 1950 Brown alimwajiri kocha Arnold "Red" Auerbach, na mwaka huohuo akaja Bob Cousy, mchezaji hodari wa kugawa mpira. Celtics ikaanza kufunga pointi nyingi, lakini ilishindwa kufika fainali kwa sababu haikuwa na mtu wa kulinda kikapu wala wa kudaka ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa.

Ujio wa Bill Russell

Mwaka 1956 Auerbach aliwatoa wachezaji wawili, Ed Macauley na Cliff Hagan, kwa St. Louis Hawks ili apate nafasi yao ya kumchagua Bill Russell, kijana aliyetoka chuo kikuu. Russell alikwenda kwanza kuichezea Marekani katika Michezo ya Olimpiki mjini Melbourne, akapata medali ya dhahabu, kisha akajiunga na Celtics mwezi Desemba.

Russell hakuwa mfungaji mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Wachezaji wengi wa wakati ule walipozuia mtupo waliupiga mpira nje ya uwanja, na wapinzani wakaurudishiwa. Russell aliugusa kwa kiasi ili ubaki ndani na umfikie mwenzake. Mpira ukifika kwa Cousy, Celtics ilikimbia mbele na kufunga kabla wapinzani hawajarudi nyuma kujilinda. Hivyo ulinzi wa mtu mmoja ukawa chanzo cha mashambulizi ya timu nzima.

Auerbach pia alimweka mmoja wa wachezaji wake bora benchi mwanzoni mwa mechi, kwanza Frank Ramsey na baadaye John Havlicek, ili aingie akiwa na nguvu wakati wengine wameanza kuchoka. Mpangilio huu wa "mchezaji wa sita" uliigwa na timu nyingine. Katika miaka yote ya mataji 11, hakuna mchezaji wa Celtics aliyeongoza ligi kwa kufunga pointi.

Miaka ya utawala (1957–1969)

Taji la kwanza lilipatikana tarehe 13 Aprili 1957, Celtics ilipoishinda Hawks 125–123 katika mechi ya saba iliyokwenda vipindi viwili vya nyongeza. Mwaka uliofuata Russell aliumia kifundo cha mguu katikati ya fainali, na Hawks wakashinda 4–2. Baada ya hapo Celtics haikupoteza ubingwa kwa miaka minane.

Msimu wa 1961–62 unaeleza vizuri tofauti ya timu hii na nyingine. Mwaka huo Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, na tarehe 2 Machi 1962 alifunga pointi 100 katika mechi moja. Rekodi hizo hazijavunjwa hadi leo. Hata hivyo Warriors walitolewa na Celtics kabla ya fainali, kwa tofauti ya pointi 2 katika mechi ya saba. Katika fainali dhidi ya Lakers, mechi ya saba ilikuwa sare 100–100 wakati Frank Selvy wa Lakers alipokosa mtupo wa mwisho. Celtics ilishinda 110–107 baada ya muda wa nyongeza, na Russell alidaka ribaundi 40.

Cousy alistaafu mwaka 1963 na Auerbach aliacha ukocha mwaka 1966, lakini ushindi uliendelea. Mwaka 1967 mfululizo ulikatika, Celtics ilipotolewa na Philadelphia 76ers. Mwaka 1968 ilikuwa nyuma 3–1 dhidi ya 76ers haohao, ikashinda mechi tatu zilizobaki na hatimaye kutwaa taji.

Mwaka 1969 wachezaji wake wakuu walikuwa wamezeeka, na timu ilimaliza ligi katika nafasi ya nne ya Kanda ya Mashariki. Fainali ilifika mechi ya saba mjini Los Angeles, ambako wenyeji walikuwa wametundika maputo darini tayari kwa sherehe. Celtics ilishinda 108–106 na maputo hayakuangushwa. Jerry West wa Lakers alichaguliwa Mchezaji Bora wa Fainali, na hadi leo ndiye pekee aliyepewa tuzo hiyo akiwa upande ulioshindwa. Russell alistaafu akiwa na mataji 11 katika misimu 13.

Katika kupima utawala huu ni vema kukumbuka kwamba mwaka 1957 NBA ilikuwa na timu 8 tu, hivyo njia ya kufika fainali ilikuwa fupi kuliko ya leo. Kwa upande mwingine, timu chache zilimaanisha kwamba wachezaji bora walikutana mara nyingi zaidi. Lakers pekee walishindwa na Celtics katika fainali 7 za kipindi hicho.

Celtics na ubaguzi wa rangi

Mwaka 1950 Celtics ilimchagua Chuck Cooper, mchezaji Mweusi wa kwanza kuteuliwa na timu ya NBA kutoka vyuoni. Mwezi Desemba 1964 ikawa timu ya kwanza ya ligi kuanza mechi na wachezaji watano Weusi: Russell, Sam Jones, K.C. Jones, Tom Sanders na Willie Naulls. Mwaka 1966 Russell alimrithi Auerbach huku akiendelea kucheza, akawa kocha mkuu Mweusi wa kwanza wa NBA. Mataji ya 1968 na 1969 aliyapata akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja.

Mambo hayo hayakuondoa ubaguzi nje ya uwanja. Mwaka 1961, mjini Lexington, Kentucky, wachezaji Weusi wa Celtics walinyimwa huduma katika mgahawa wa hoteli. Walikataa kucheza mechi ya kirafiki iliyopangwa na wakarudi nyumbani. Huko Reading, karibu na Boston, nyumba ya Russell ilivunjwa na kuchafuliwa kwa maandishi ya matusi ya kibaguzi. Hata katika miaka ya ubingwa, viti vingi vya Boston Garden vilibaki vitupu. Mwaka 1972 jezi yake namba 6 ilipotundikwa kwa heshima, Russell alitaka sherehe ifanyike bila mashabiki.

Heshima ilikuja baadaye. Mwaka 2011 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, na mwaka 2013 sanamu yake ilizinduliwa mjini Boston. Alipofariki mwaka 2022, NBA iliamua kwamba namba 6 isitolewe tena kwa mchezaji mpya wa timu yoyote.

Baada ya Russell

Tom Heinsohn, mchezaji wa zamani, aliiongoza timu kama kocha kutwaa mataji ya 1974 na 1976, akiwa na Havlicek, Dave Cowens na Jo Jo White. Katika miaka ya 1980 Larry Bird, Kevin McHale na Robert Parish walileta mengine matatu. Msimu wa 1985–86 Celtics ilishinda mechi 40 kati ya 41 za ligi ilizocheza nyumbani.

Kisha ukaja ukame wa miaka 22. Len Bias alifariki mwaka 1986, siku mbili baada ya kuchaguliwa na timu, na nahodha Reggie Lewis alifariki mwaka 1993. Taji la 17 lilipatikana mwaka 2008, baada ya Kevin Garnett na Ray Allen kuungana na Paul Pierce. La 18 lilipatikana mwaka 2024 chini ya kocha Joe Mazzulla, na Jaylen Brown akawa Mchezaji Bora wa Fainali.

Orodha ya mataji

1957 – St. Louis Hawks (4–3)
1959 – Minneapolis Lakers (4–0)
1960 – St. Louis Hawks (4–3)
1961 – St. Louis Hawks (4–1)
1962 – Los Angeles Lakers (4–3)
1963 – Los Angeles Lakers (4–2)
1964 – San Francisco Warriors (4–1)
1965 – Los Angeles Lakers (4–1)
1966 – Los Angeles Lakers (4–3)
1968 – Los Angeles Lakers (4–2)
1969 – Los Angeles Lakers (4–3)
1974 – Milwaukee Bucks (4–3)
1976 – Phoenix Suns (4–2)
1981 – Houston Rockets (4–2)
1984 – Los Angeles Lakers (4–3)
1986 – Houston Rockets (4–2)
2008 – Los Angeles Lakers (4–2)
2024 – Dallas Mavericks (4–1)